Ukoga wa Mtungi wa Chengo

Kila Jumatatu asubuhi, baada ya chai, Mbodze aliosha mitungi ya tembo nyuma ya nyumba yake, chini ya Mwabungo, pale minazi yake arobaini ilipoishia na mchanga wa pwani ukaanza. Kwanza alimwaga mashapo kwenye shina la mpapai. Halafu aliukwangua mtungi kwa kipande cha kifuu, akausugua kwa makumbi na mchanga, akatia maji ya moto yenye ukwaju, akauacha mpaka jua liwe la utosi. Mwisho aliingiza kichwa kizima ndani na kunusa. Akisikia uchachu wa jana, alianza upya. Mtungi mchafu huharibu tembo la leo, na tembo likiharibika watu hawaulaumu mtungi, humlaumu mgema.

Mgema alikuwa Chengo, mumewe, aliyekufa kwa homa masika ya mwaka ule wa 1956. Wahenga wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Chengo alisifiwa kwa miaka ishirini na miwili, toka Ukunda hadi Msambweni, na hakulitia hata tone. Labda wahenga hawakufika Mwabungo. Sasa minazi iligemwa na Jefwa, mdogo wa marehemu, na Mbodze aliendelea kuosha.

Kuosha ndiko kulikompa jina. Wanawake walimletea masufuria yaliyoungua na vibuyu vilivyoota ukoga, naye alivirudisha vikiwa vyeupe mpaka wenyewe wakavitilia shaka. Jirani yake Mwanatumu, mwanamke wa swala tano, ambaye tembo halikumhusu mpaka ligeuke siki ya kutilia achari, alikuwa akisema Mbodze angeweza kuosha hata ulimi wa mwongo.

Jumatatu moja ya Julai, ukoga ulikataa. Ulikuwa ndani ya mtungi mkubwa, ule ambao Chengo alikuwa akiuchachushia tembo la harusi na la matanga. Chini kabisa palikuwa na duara jeusi, upana wa sahani, lenye mistari myembamba iliyozungukana. Mbodze aliusugua ukatoka. Alikwenda kutundika makumbi juani, na aliporudi mistari ilikuwa palepale. Akatia majivu, akatia changarawe akautikisa, akatia majani ya mpapai. Jumanne alitia malimau kumi na mawili. Jumatano jua lilipoingia mtungini moja kwa moja, aliona mstari mnene uliokata mingine mshazari, akaacha kusugua. Hilo lilikuwa kovu la kotama. Kisu hicho cha kugemea kilimteleza Chengo juu ya mnazi mwaka mmoja wa vita, na Mbodze mwenyewe ndiye aliyemfunga kidonda kwa kipande cha kaniki.

Mchana Mwanatumu alikuja na chupa yake ya siki, akachungulia mtungini.

"Hiki si kidole gumba cha Chengo?"

"Ndicho."

"Cha kulia."

"Cha kulia."

"Mungu amrehemu. Basi nitilie siki, shoga, ndimu zangu zinaharibika."

Kesho yake alikuja Boga, hedimani wa mtaa. Alikuwa mtu wa kanzu safi na maneno ya asali, na kwa miaka kumi alikuwa amekunywa tembo la Chengo akiwa ameketi nyuma ya banda ili asionekane, na watu wote walikuwa wakimwona. Siku hiyo aliketi mbele ya nyumba, na Mbodze akajua hapana heri.

"Pole tena, Bi Mbodze. Sikutaka kuja kabla matanga hayajaondoka."

"Yaliondoka zamani. Sema, hedimani."

Boga alikunjua karatasi. Ilisema kwamba Chengo, kabla ya kufa, alikuwa ameliuza shamba lote pamoja na minazi yake kwa Mzungu mmoja aliyetaka kujenga nyumba ya kutazamia bahari. Chini yake, ndani ya kisanduku kidogo, palikuwa na alama ya kidole gumba kwa wino wa zambarau. Mbodze hakujua kusoma maneno. Alikisoma kidole.

"Hiki hakina kovu."

"Wino hauonyeshi kila kitu, mama."

"Umeonyesha mpaka jasho. Hiki ni kidole laini, hakijapanda mnazi hata mmoja. Hiki ni kidole cha kushikia kikombe."

Boga alikitazama kidole chake, kisha akakiingiza mfukoni. Kipande cha Chengo, kile kitambulisho cha serikali chenye alama ya kidole chake halisi, yeye ndiye aliyekichukua siku ya mazishi, akisema serikali haipendi vipande vya maiti vizagae. Tangu hapo hakuna aliyekiona. Mbodze alipandwa na hasira mpaka masikio yakamwasha, lakini hakupiga kelele. Aliufunga mtungi kwa leso mbili, na Jumatatu iliyofuata, badala ya kuosha, alipanda lori la nazi kwenda Kwale barazani. Mwanatumu alifuatana naye awe shahidi, akaukumbatia mtungi njia nzima ya mlimani.

Hakimu alikuwa mtu mpole. Alitoa kioo cha kukuzia, akaingiza kichwa mtungini kama Mbodze alivyokuwa akifanya, akakaa humo muda mrefu. Kisha akaitazama karatasi. Hakuna aliyeuliza kidole cha maiti kimefikaje mle. Karani aliuliza tu kama mtungi una leseni.

"Kilichomo mtungini ni kidole cha marehemu, sina shaka," alisema hakimu. "Na kilichomo kwenye karatasi si chake."

Mwanatumu aliushika mkono wa Mbodze. Kwa muda wa pumzi tatu au nne, shamba lilikuwa limerudi.

"Lakini sheria inataka alama iwe kwenye karatasi, ndani ya kisanduku," hakimu akaendelea. "Hiki ni kikubwa mno, hakienei kisandukuni. Karatasi itasimama kama ilivyo. Na mtungi uoshwe kabla haujatoka hapa, unanuka."

Karani alimwonyesha Mbodze ndoo. "Osha, mama."

"Siuoshi."

"Ni amri."

"Amri nimeisikia. Kuosha ninajua kuliko ninyi wote mliomo humu. Huu siuoshi."

Ikabidi askari auoshe. Alimaliza mche mzima wa sabuni, akasugua kwa kitambaa cha baraza mpaka jasho likamtoka, na kidole kikabaki kikimtazama. Mwishowe aliurudisha mtungi kama ulivyokuja. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwanamume na hakufundishwa jikoni, alichukua kitambaa kilekile akafutia bilauri za wakubwa.

Ukoga hufuata kitambaa, kila mwenye jiko analijua hilo. Kabla wiki haijaisha bilauri ya hakimu ilikuwa na kidole, kidogo, chenye kovu lake. Birika la karani likafuata. Boga alikuwa amekunywa chai ya kupongezwa palepale kwa karani, na alipofika kwake dele lake la kahawa, la shaba, la urithi, likaota kidole mpaka kwenye mdomo. Mafundi wa Mzungu walikunywa kahawa ya Boga, wakachota maji ya tangi la nyumba ya Mzungu kwa vikombe vilevile. Tangi lilikuwa la saruji, jipya, na kidole kilichotanda chini yake kilikuwa na upana wa chumba cha kulala. Watu waliosha kwa chumvi, kwa siki, kwa mafuta ya taa. Kilitoka, na walipogeuka kilikuwa palepale. Wakazoea. Hakimu alikunywa maji yake, na Mzungu akaoga.

Minazi thelathini na mmoja ilikatwa mwezi wa Agosti, tisa ikaachwa kwa ajili ya kivuli. Mbodze alikataa kuhama, kwa hiyo askari wawili walikitoa kitanda chake na sufuria zake wakaziweka njiani. Mtungi hawakuugusa. Aliutoa mwenyewe, akautia kichwani, akapita katikati yao akiwa amenyooka. Mwanatumu alimpa chumba cha uani.

"Tembo lisiingie, mwenzangu," alimwambia. "Lakini Chengo na aingie."

Siku moja baada ya alasiri Boga alipiga hodi, amelikumbatia lile dele. Alikuwa amekonda. Wageni wake walikuwa wameacha kuja, si kwa hofu, ila kwa adabu: kila waliponyanyua kikombe waliona wanakunywa juu ya kidole cha mwenye shamba, na kahawa haishuki vizuri hivyo.

"Bi Mbodze, nimekuja kwa heshima. Watu wote wanasema hakuna ukoga unaokushinda."

Mbodze alilichukua dele, akalifunua, akanusa. Akapitisha ukucha juu ya kovu.

"Huu unatoka," alisema.

"Unatoka?"

"Unatoka, na haurudi. Ninajua namna yake."

Boga alishusha pumzi. "Basi nioshee, mama. Nitakushukuru mpaka kaburini."

"Nitakuoshea. Niletee kwanza ile karatasi, niianze hiyo."

Boga alisimama pale mpaka kuku wa Mwanatumu wakaanza kumdonoa kanzu. Aliondoka bila dele, na karatasi hakuileta siku ile wala nyingine. Mzungu alihamia nyumba yake mwezi wa Novemba.

Mbodze aliendelea kuosha vyombo vya watu kila Jumatatu, vikatoka vyeupe kama kawaida. Dele la Boga hakuliosha. Aliliweka juu ya ukuta wa ua, karibu na njia, kifuniko wazi. Wanaokwenda kuvua pweza hupita pale alfajiri, huchungulia ndani, husema, "Shikamoo, mzee Chengo," kwa kuwa kumpita mtu bila kumwamkia ni utovu wa adabu. Kisha huzunguka kwa njia ndefu kufika baharini, kwa sababu ile fupi imetiwa seng'enge.