Namba Sita za Kuhama Ndaki

Nisikilizeni, maana nikikaa nalo hili peke yangu nitapasuka.

Mimi ni mwaka wa kwanza chuo kikuu, Ndaki ya Elimu. Sikuiomba mie. Nilipomaliza kidato cha sita sikuwa na simu, fomu akajaza Baba kwa simu yake, akaweka ualimu juu na ualimu chini. Walimu wanaoletwa kisiwani kwetu, huko Salale kwenye mikoko, hawamalizi mwaka, Baba akaamua dawa yake ni mimi. Ninachotaka mie ni Ndaki ya Sayansi za Majini, chuo hichohicho, jengo la pili tu. Nataka kujua kwa nini kamba wanapungua kwenye nyavu zetu. Baba akisikia hivyo hucheka. "Kamba wa kusomea? Njoo nikufundishe bure."

Dirisha la kuhama lilikuwa linafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Tangu Jumatatu nilikuwa nyumbani na fomu, maana mzazi anatakiwa asaini mbele ya mtendaji wa kijiji, na mtendaji alikuwa semina. Karudi Alhamisi. Baba akasaini kimya, wala hakunitazama. Nikajua yamekwisha. Ijumaa alfajiri nikapanda boti, kisha bodaboda, saa nane niko Kibiti, steshenari kwa Hashimu, matope mpaka magotini.

Hashimu akaipandisha fomu kwenye mtandao, akabonyeza. Kompyuta ikasema namba ya uthibitisho, ya tarakimu sita, imetumwa kwenye simu iliyosajiliwa. Yaani ya Baba. Kubadilisha simu mpaka uende mwenyewe ofisini chuoni. Aliyetunga utaratibu huu simjui, lakini boti hajawahi kupanda.

Nikapiga, hapatikani. Kwetu mtandao unashika pale bandarini tu. Namba hudumu dakika kumi, ikafa. Tukaomba ya pili, na saa tisa na nusu Baba akapokea.

"Shikamoo Baba. Kuna ujumbe umeingia, nisomee namba."

"Marahaba. Umeingia. Lakini tumetangaziwa msikitini, namba za namna hii usimtajie mtu, hata akijiita mwanao."

"Baba, ni mie Mwanahalima."

"Matapeli nao wanajua majina."

"Basi niulize chochote."

"Mwanangu leo asubuhi kasahau nini nyumbani?"

"Kitana. Kipo dirishani."

"Kweli," akasema. Halafu akakata. Namba ya pili nayo ikafa.

Hashimu akaguna. "Dada, kuna watu nyuma yako." Nikamjibu vibaya, Mungu anisamehe. Akaomba ya tatu, akaniambia ndiyo ya mwisho, baada ya hapo mfumo hautoi nyingine. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tisa.

"Baba, imeingia?"

"Imeingia."

"Nisomee basi."

"Nimeshawaambia watu mwalimu wao anakuja. Wamekusomea dua, na wewe ulikuwepo."

"Lakini jana umesaini, Baba."

"Mtendaji alikuwa ananitazama. Ningekukatalia mwanangu mbele za watu?"

Nikalia palepale, wateja wananiangalia. Nikamwambia sitaki ualimu, nitaufanya kwa kinyongo na watoto wenyewe watajua. Nikamwomba kama nilivyokuwa namwomba nikiwa mdogo.

"Usilie," akasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi kuliko yote. "Wanafunga saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Basi saa kumi na dakika tano nitakupigia nikusomee."

Akakata. Nilipiga mara kumi na moja, hakupokea. Kompyuta ikaandika kwamba dirisha limefungwa. Hashimu, aliyekuwa ananihimiza nitoke kwenye kiti, sasa akaniacha nikae.

Saa kumi na dakika tano simu ikaita. Baba alinisomea zote sita, moja moja, bila kukosea hata moja.