Jerusha Wawili wa Kasigau

Jumanne moja ya mwaka 1978, Jerusha alikuwa akimnywesha bintiye Hannah uji, na mtoto akiutema, Gibson alipobisha hodi na fomu zake. Gibson alikuwa kijana wa Wundanyi. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wamemwajiri achunguze jinsi ufukara na wasiwasi vinavyomfanya mtu aamue mambo. Kasigau nzima ilishazoea Land Rover yake.

"Mama Hannah, mtoto akiugua na ndovu wako karibu na shamba, utachagua lipi?"

"Mwanangu, si huyu hapa anaugua homa? Na ndovu jana walikuwa kwa jirani yangu Dinah. Tupeleke Voi na hilo gari."

Gibson alitazama chini. "Gari ni la utafiti, mama. Pesa zilizotolewa ni za maswali tu. Nikibeba mgonjwa nitafutwa kazi."

Jerusha alimfunga Hannah mgongoni, akachukua debe la kufukuzia ndovu, akasimama mlangoni asijue aelekee wapi. Hapo akawa wawili. Mmoja, na Hannah mgongoni, alishika njia ya Maungu kutafuta lori, mwingine akaenda shambani na debe. Dinah alikutana nao wote akawasalimu, mmoja baada ya mwingine. Gibson akaandika: "Yote mawili."

Lakini nguvu zilikuwa zile zile za mtu mmoja aliyelala njaa. Jerusha wa shambani aligonga debe, likalia nusu ya sauti yake. Ndovu wakaingia bila haraka, wakamaliza mahindi na mabua yake. Jerusha wa barabarani alipumzika kila hatua kumi, na malori mawili yakampita. Alifika Voi siku ya tatu. Daktari alimwambia kwa upole kwamba juzi homa ile ingetibika.

Jerusha akamzika Hannah huko huko, akarudi mgongo mtupu. Wakaendelea kuishi wote wawili, wakila sahani moja.

Mwaka uliofuata wafadhili waliongeza pesa za miaka mitatu, maana matokeo yaliwapendeza. Gibson akaja na fomu mpya, akawakuta wameketi kizingitini.

"Fomu ni ya mtu mmoja," alisema.

Yule aliyetembea akainuka, akaenda kusimama juani. Gibson akatoa kalamu.

"Una watoto wangapi?"

"Hilo muulize yule," Jerusha akasema. "Mimi nilibaki shambani."

Gibson akaliacha swali la kwanza wazi, akasoma la pili.