Ubatizo wa Siku ya Bamvua

Mchungaji Mugambi alitangaza ubatizo Jumapili saa nne asubuhi, pwani ya Matondoni, na mimi nikanyamaza. Miaka ishirini nabeba mchanga na boriti kwa punda pwani ile. Nilijua Jumapili hiyo ni bamvua, mwezi mpevu, na saa nne bahari huwa imekwenda mbali, imeacha tope tupu. Mugambi ni mtu wa Meru, anaijua bahari kwa kuitazama. Hakuuliza mtu. Wakubwa hawaulizi.

Nami nilikuwa na sababu yangu. Binti yangu Mourine alikuwa amechaguliwa kwenda umisionari Madagaska, miaka miwili, na wageni waliokuja kumchukua walikuwa na sharti moja: asiyebatizwa kwa maji mengi haendi. Basi lao lilikuwa saa saba kule Mokowe, ng'ambo ya bara. Maji yasipokuwapo, hakuna ubatizo, na mtoto anabaki nyumbani. Sina mwingine.

Mama yake, Wamuyu, alikufa mwaka juzi. Alipozidiwa, boti ya kanisa, ile tuliyoichangia sote, ilikuwa Kizingitini, kisiwa kingine. Mugambi alikuwa ameichukua kuwatembeza wageni wengine wakaone kamba wakubwa wakipimwa. Nikampakia mke wangu juu ya punda tukaelekea hospitali ya mjini. Hatukufika. Mazishini Mugambi akasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuendesha boti ile.

Jumapili watu wakashuka na kanzu nyeupe wakiimba, wakajikuta mbele ya tope. Wimbo ukafa katikati. Bwana Athman, fundi wa majahazi, akaweka chini tezo lake la kuchongea.

"Mchungaji, mai yeo ni ya bamvua. Hayarudi mpaka alasiri. Au mwawabatiza kwa tope?"

Mafundi wenzake wakacheka.

"Bwana Athman, wageni hawawezi kungoja alasiri," Mugambi akasema.

"Muulize Bwana Rufus, basi. Ndia ya kufika mkondoni, penye mai mengi, aijua yeye na punda wake."

Wote wakanigeukia. Mourine akanisogelea.

"Baba, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ilipotangazwa."

Hakulia wala hakunigombeza. Alivua viatu, akashika pindo la kanzu, akaingia topeni peke yake. Hatua ya nne likammeza hadi magotini. Akajikwamua, akashika upande usiofaa kabisa, kwenye chaza wakatao kama wembe. Ndivyo alivyo. Mamake alikuwa hivyo hivyo.

Nikamfuata. "Rudi kushoto," nikamwambia. "Kanyaga ninapokanyaga."

Mugambi akaja nyuma yetu, suruali ameikunja, na kanisa zima nyuma yake.

"Mzee Rufus, polepole."

"Leo unanifuata mimi. Siku ile ningekufuata wewe, hukuwapo."

Tulikwenda kitambo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Boti ilinipasa niiache hapa. Nililijua hilo siku ile ile."

"Mbona ukasema ni Mungu?"

Akainama kutafuta nyayo zangu topeni. Nilitaka kumwongezea maneno, lakini miguu ya mtoto ilikuwa inatoka damu, na hiyo haikuwa kazi ya Mugambi. Ilikuwa yangu.

Mkondoni maji yalitufika kiunoni. Kanisani kwetu mzazi hushika mkono wa mtoto hadi majini. Mchungaji huuliza nani anamtoa, na mzazi akijibu ndipo humwachia. Asipojibu, mchungaji hamgusi.

"Nani anamtoa binti huyu?"

Mkono wa Mourine ulikuwa baridi. Hakunihimiza, hata hakunitazama. Alitazama maji.

"Mimi," nikasema. Mugambi hakusikia, akauliza tena.

"Mimi, baba yake. Na akiugua huko, usije ukaniambia mapenzi ya Mungu. Mtafutie boti."

"Nitamtafutia," akasema, na safari hii hakuongeza neno la dini.

Nikauachia mkono. Akamzamisha.

Alipoibuka alinitafuta kwa macho yaliyojaa chumvi, akaniona, akaitikia kwa kichwa kidogo kama mtu aliyekubali jambo ila hajalisamehe. Wageni wakamzungushia taulo. Mkondo ulikuwa umeshaanza kujaa, na wale waliokuwa nyuma hawakujua pa kukanyaga. Nikatangulia kuwarudisha pwani.