Kibodi Laini ya Mwanangu Khiem

Uvumi huo niliusikia kwenye foleni ya mikate hapa mtaani kwetu St Albans, ukanikwama kooni kama mwiba wa samaki. Dada Thoa, anayeuza mboga duka la pili, alininong'oneza kwamba mtoto wa Bi Ut wa Deer Park vidole vimekakamaa kama miguu ya kuku. Hashiki vijiti, hashiki kijiko, mama yake ndiye anayemlisha uji. Kisa eti kibodi ya kompyuta, ngumu, ameichapa mpaka mishipa imekufa.

"Na wa kwako si yuko kwenye kompyuta kutwa?" akaniuliza, huku akinifungia giligilani kana kwamba hajasema kitu.

Wa kwangu ni Khiem, na kweli alikuwa kwenye kompyuta kutwa, lakini kwa sababu ya maana. Tangu amalize shule alikuwa akibeba maboksi kwenye ghala kule Laverton, mgongo ukimuuma kama mzee. Sasa aliitwa kufanya mtihani wa kazi ya kupokea simu za dharura. Mtu anapiga, mumewe ameanguka bafuni, wewe unasikiliza na kuandika anwani papo hapo ili gari la wagonjwa litoke. Kazi ya kukaa kwenye kiti, yenye likizo ya kulipwa. Sharti kubwa lilikuwa kuchapa haraka bila makosa, na Khiem kwa kibodi yake ya kawaida alikuwa tayari anachapa haraka kuliko mimi ninavyoongea. Walimwambia akipenda aje na kibodi yake mwenyewe. Hapo ndipo shetani alipopata pa kukaa.

Nilimpelekea habari za mtoto wa Bi Ut. Nilidhani atanicheka kama kawaida yake. Hakucheka. Alivinyoosha vidole, akavikunja, akavitazama kama vya mtu mwingine.

"Mama, hata mimi naona hii ni ngumu," alisema. "Nitafute swichi nyepesi. Nyepesi lakini zenye kinundu."

Akina mama wenzangu ambao balaa hili halijawafikia, sikilizeni. Chini ya kila herufi kuna kidude cha plastiki, hicho ndicho wanakiita swichi. Ndani yake mna springi, na kijiti chenye miguu miwili midogo. Ukibonyeza, ile miguu inapita kwenye ulimi wa shaba, na kidole kinahisi kitu kama kokoto ndani ya soksi. Hicho ndicho kinundu. Kinakuambia herufi imeingia, nenda kwenye nyingine. Wapo wasiotaka kinundu kabisa, nao wana zao. Mwanangu alitaka kinundu kiwepo lakini springi isimpe kazi. Ni sawa na mtu anayetaka pilipili ionekane kwenye bakuli ila isimwashe.

Ziliingia swichi za mifano kwenye bahasha, za zambarau, za maziwa, za rangi ya chai. Akanikalisha mezani.

"Fumba macho, Mama. Bonyeza hii. Unasikia nini?"

"Nasikia plastiki."

"Kinundu kiko juu au katikati?"

"Kiko kwenye plastiki."

"Mama, kuwa makini. Hii ni ya mviringo, hii ni kali. Hii inakuja mapema. Unaona tofauti?"

"Tofauti naiona. Hii ya zambarau, hii ya chai."

Alishusha pumzi kama daktari aliyepewa mgonjwa mkaidi. Nikamuuliza kama amefanya mazoezi ya kuchapa siku hiyo. Akasema anafanya. Kumbe kubonyeza ile moja ya zambarau toka asubuhi ndiyo mazoezi.

Baadaye akapata mwalimu. Anaitwa Lachlan, jamaa mrefu mwenye ndevu nyekundu, kazi yake ni kufundisha watoto kuogelea, lakini kwa hao wapenzi wa kibodi yeye ni kama askofu. Aliitisha mkutano wao kwenye ukumbi wa jamii kule Footscray. Mimi nikaona siwezi kumwachia mwanangu aende kwa watu nisiowajua. Nikakaanga cha gio, zile roli zetu za nyama, sahani nzima, nikaenda naye.

Lachlan alinipokea mlangoni.

"Karibu, shangazi. Samahani, utanawa mikono?"

"Nimenawa nyumbani."

"Sawa, shangazi, ila hicho chakula kina mafuta."

"Chakula kisicho na mafuta ni karatasi, mwanangu."

Wakaichukua sahani yangu kwa heshima zote na kuiweka nje kwenye ukingo wa dirisha, mahali pa kumwekea paka. Mtu mwenyewe ana grisi ya swichi mpaka kwenye ndevu, anaogopa cha gio.

Ndani, meza zilipangwa kama za harusi, na juu ya kila meza kibodi zimelala kwenye vitambaa. Huigusi ya mtu bila kumwomba. Ukiruhusiwa, unachapa kidogo, na wenzako wanainamisha vichwa na kufumba macho wasikilize. Kisha mmoja anasema "mmh". Mwingine anasema, "Inalia chini." Mwingine anasema hapana, inalia kama kokoto iliyotumbukia kwenye ndoo. Nilichungulia skrini moja baada ya nyingine. Ukumbi mzima hakuna aliyeandika neno. Ni zilezile herufi za safu ya katikati, mstari baada ya mstari. Mtoto wa chekechea akikuletea hivyo unaitwa shuleni.

Na nani alikuwa meza ya pembeni, ameibeba kibodi nzito ya chuma kwa mkono mmoja? Mtoto wa Bi Ut.

"Wewe si Trieu wa Deer Park? Mkono umepona?"

"Mkono gani, shangazi?"

"Vidole. Tumesikia hushiki hata kijiko."

"Aa. Nilitegua kimoja kwenye mpira wa kikapu, mwaka jana."

"Na uji wa kulishwa?"

"Niling'olewa jino." Akaiweka kibodi mezani. "Nani kasema nililishwa?"

Nilimfuata Khiem, nikamvuta shati. "Twende nyumbani. Mtoto wa Bi Ut ni mzima kuliko mimi. Kibodi yako ya zamani haina kosa."

"Mama, subiri. Nasikiliza."

Hakuwa akisikiliza tena kwa ajili ya vidole. Nilimwona uso. Ni ule uso aliokuwa nao alipokuwa mdogo, akipanga magari ya kuchezea kwa rangi na kukataa kuja kula.

Siku hiyo Lachlan alimpa maelekezo, na nilikuwepo, siwezi kusema sikusikia. Alisema, "Fungua kila swichi. Toa springi yake, weka nyepesi zaidi. Paka grisi kwa brashi, safu nyembamba, kwenye kuta na kwenye springi. Miguu ya kijiti usiiguse. Ukipaka miguu umeua kinundu. Umenielewa, kaka?"

"Nimeelewa, mkuu," Khiem akasema, kama anaapishwa.

Meza yangu ya kulia ikageuka karakana. Tulikula tumepakata bakuli. Springi ndogo kama kope zilikuwa kwenye zulia, kwenye soksi, moja niliikuta kwenye bakuli la mchuzi wa samaki. Khiem alikuwa na taa kwenye paji la uso, kibanio mkono mmoja na brashi ya kuchorea kope mkono mwingine, anapaka kijiti kimoja kimoja kama anachora macho ya bibi harusi. Mtihani ulikuwa unakuja mbio.

"Umechapa leo?"

"Nikimaliza kupaka."

"Watakupa kazi ya kupaka?"

"Mama, ukiwa na kifaa kizuri mazoezi hayahitajiki sana. Kifaa kinakubeba."

Basi likaja lile neno lake, "kidogo tu". Alipounganisha swichi za kwanza alisikia mkwaruzo. Mimi niliweka sikio, sikusikia mkwaruzo wowote, nilisikia jokofu. Yeye alisema unatoka kwenye miguu. Akatia grisi kwenye mguu mmoja, kidogo tu. Mkwaruzo ukapungua. Akatia kwenye wa pili. Akaona haitakuwa sawa swichi moja iwe laini na nyingine zikwaruze, akapaka zote, kila mguu, na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshazoea, kidogo tu ikawa si kidogo tena.

Ilipokamilika aliniita nibonyeze. Kidole kilizama kama kwenye siagi iliyoachwa juani.

"Kinundu kiko wapi?" nikamuuliza.

Alibonyeza. Akabonyeza tena. Akafumba macho, akabonyeza kwa kidole cha mwisho.

"Kipo," alisema. "Kimekuwa cha hali ya juu, lazima ukitafute."

Lachlan alipopelekewa sauti ya ile kibodi kwa simu alijibu neno moja: "Miguu?" Khiem akazima simu. Kutoa ile grisi ni kufungua kila kitu upya na kuosha, na nafasi haikuwepo. Hizo swichi zisizo na kinundu, ambazo yeye alikuwa akizidharau, zinauzwa zikiwa tayari kwenye pakiti. Mwanangu alipinda mgongo wote ule ili atengeneze kitu alichokikataa dukani.

Asubuhi ya mtihani niliitia kibodi ya zamani kwenye begi lake. Aliitoa.

"Ichukue tu, ikae," nikamwambia.

"Ile ni kama kuchapa kwenye tope, Mama. Nitaonekana vipi?"

"Utaonekana umeajiriwa."

Akaiweka juu ya kitanda. Tukapanda treni, mimi kwenda nilijialika mwenyewe.

Msimamizi aliitwa Bi Glenys, mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni. Kulikuwa na joto, mlango wa chumba cha mtihani wakauacha wazi, nami nikakaa kwenye kiti cha mapokezi nikiwaona wote wawili. Bi Glenys aliitazama ile kibodi iliyofungwa kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Akawasha simu ya mfano. Sauti ya mzee ikatoka, inatetemeka: mke wangu ameanguka, njooni, Mtaa wa Banksia, namba saba.

Khiem alichapa. Nikwambieni ukweli, ililia vizuri, kama mvua ya mbali. Kisha mzee akanyamaza kuvuta pumzi, na Khiem akapumzisha vidole juu ya vitufe akisubiri, kimoja bado kiko kwenye saba, kama watu wote wanavyofanya. Zile springi hazikuweza kubeba hata kidole kilichopumzika. Kinundu cha kumwonya hakikuwepo. Na grisi ilivyokuwa nyingi, kitufe kilichozama hakikuwa na haraka ya kurudi.

Bi Glenys akavaa miwani.

"Khiem, mpenzi, gari umelituma nyumba namba elfu saba mia saba sabini na saba."

"Kidole kilipumzika tu, Bi Glenys."

"Naona. Mtaa ule una nyumba chache sana. Huyu mzee anaendelea kusubiri."

Hakuwa mtu mbaya. Alisema kifaa kikisumbua inaruhusiwa kurudia mara moja, akamsogezea kibodi ya ofisi, nyeusi, imechakaa, herufi zimefutika. Nilisimama pale mapokezi bila kujijua. Kibodi kama ile alikuwa akiitwanga nyumbani bila hata kuitazama.

Akaanza. Lakini vidole vilikuwa vimeshazoea siagi. Aliigusa ile kibodi kama mtu anayejaribu joto la pasi, na vitufe vya ofisi haviitiki kwa kuguswa. Herufi moja inaingia, inayofuata haimo. Kule zilizidi, huku zikapungua. Ule Mtaa wa Banksia hata mkazi wake asingeutambua. Akarudi kusahihisha, sauti ya mzee haikumsubiri, akaachwa nyuma. Niliona shingo yake inakuwa nyekundu kutoka nyuma.

"Basi, inatosha," Bi Glenys alisema polepole. "Tutachukua kundi lingine baada ya majira ya baridi. Rudi. Safari ijayo njoo na mikono tu."

Kwenye treni nilikuwa na hotuba ndefu. Nilimtazama macho, nikaimeza. Amepakata ile kibodi, na kila treni ilipotikisika vitufe vilijibonyeza vyenyewe. Tulipofika kituo cha Sunshine akafungua mdomo.

"Mama, nimejua kosa."

"Haya."

"Ni springi. Ningezidisha uzito kidogo tu."

Jumatatu alirudi Laverton kwenye maboksi. Mgongo wake naukanda mimi kwa mafuta ya mkaratusi, na nikimkanda namsikia akinieleza habari za grisi nyingine, nyembamba zaidi, inayotoka Japani. Majira ya baridi bado hayajaisha. Kibodi ya zamani nimeichomeka mwenyewe kwenye kompyuta, na hizo swichi laini nimemwambia Lachlan aje azichukue.

Mwenye mtoto wa namna hii aepuke haya:

Kubadilisha kibodi mtihani ukiwa umeshapangwa.

Springi inayoshuka kidole kikiegemea tu.

Grisi kwenye miguu ya kijiti, hata tone.

Meza ya kulia kuazimwa kwa kazi ya "muda mfupi".

Rafiki anayesikiliza kibodi badala ya kuandika.

Kuacha mazoezi kwa sababu kifaa kinakuja.

Kutoka nyumbani bila kibodi ya zamani.