Tope la Juu

Haraka haraka haina baraka: methali hiyo Mama Tope alikuwa akiwasomea wengine tu. Jina hilo walimpa wenzake wa maabara, maana kazi yake ilikuwa kuchunguza matope ya chini kabisa ya bahari. Kampuni ilitaka kuzoa huko mawe meusi, yale ya ukubwa wa viazi, yenye kobalti na nikeli za kutengenezea betri. Yeye alipewa kazi ya kupanga utafiti: kujua kinachoishi huko kabla mashine hazijapita, na kuchagua eneo la kulinganishia ambalo lisingeguswa kamwe. Bila hayo mawili, uharibifu wowote ungekuja kuitwa hali ya kawaida, na asingepatikana wa kubisha.

Kwa hiyo alitaka sampuli nyingi, na alizitaka upesi. Alimganda shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi mkuu wa meli ya kampuni, mpaka yule akasema ataletewa, apumue kidogo.

Zikaja kweli. Meza ya maabara ilijaa mirija ya plastiki, na shemeji mtu kaegemea mlango akingoja kusifiwa. Mama Tope akapasua mrija wa kwanza. Tope la juu hutakiwa kuwa laini kama uji, lenye vijitundu vya minyoo. Hili lilikuwa limevurugwa, la chini limekuja juu. Akapasua mwingine, na mwingine. Akauchukua wa eneo la kulinganishia, akaufungua taratibu. Nao ulikuwa vilevile.

Akauliza walichotea nini.

"Kile chombo kidogo cha sampuli kingekula miezi," shemeji alisema. "Tukashusha mashine kubwa, ile ya kuzolea mawe, ikatambaa yenyewe kutoka kituo hadi kituo. Hatukuruka hata kimoja. Si ulisema upesi, shemeji?"

Mama Tope alikaa kitini. Tope lile lilikuwa limetulia kwa maelfu ya miaka, na aliyelivuruga ni yeye, kwa mdomo wake mwenyewe. Akauliza kwa sauti ndogo kama kuna mahali popote hawakupita.

Shemeji alifikiri kwa moyo safi kabisa. "Labda kule ng'ambo ya mpaka wa eneo letu. Ila vumbi la tope lilienea, kamera haikuona kitu."

Halafu akamwonea huruma.

"Kama hizi hazitoshi, usijali. Mashine bado iko chini, inaendelea kukuchotea."