Selo Mbele ya Jeneza

"Hiyo kitu hatutaki hapa mbele," alisema Mutahi, mwenyekiti wa kamati ya mazishi. "Ati msichana akae miguu wazi kanisani? Kaa kando kando, magoti pamoja, kama watu."

Murugi alilitazama jeneza la baba yake, kisha akalitazama tumbo la Mutahi lililoziba njia. Kando kando! Selo ni fidla kubwa. Hupigwa ikiwa katikati ya magoti au haipigwi. Lakini huyu bwana, ambaye ujuzi wake wote wa muziki ulikuwa kubonyeza kitufe cha ngoma kwenye kinanda cha kanisa na kukiacha kijiendeshe, ndiye aliyekuwa hakimu.

Murugi alianzia shuleni, Nyeri mjini, kwa selo yenye ufa iliyoachwa na padri. Akasomea Nairobi, kisha ng'ambo. Huko okestra zilimsaili akiwa nyuma ya pazia, waamuzi wasimwone, na hakuna aliyeuliza magoti yake yako wapi. Akashindwa, akajaribu, akashindwa tena. Kila mara alimpigia baba simu Endarasha akilia, na baba akamjibu, "Rudi tena. Na siku yangu ikifika, unipigie selo." Sasa alikuwa na kiti cha kudumu katika okestra moja, safu ya nyuma kabisa, na ahadi hiyo moja ya kutimiza.

"Basi mfunikeni," Mutahi aliamuru.

Akina mama wakaleta leso za kujifunga, wakamfunika magoti, wakaifunika na nusu ya selo. Murugi alipovuta upinde, leso ziligusa nyuzi, sauti ikatoka kama kikohozi cha ng'ombe. Mtu akacheka. Murugi aliwachukia wote, na tai zao, na kofia zao za Jumapili, na huruma yao ya kukodi.

Ndipo mama yake akainuka. Akaziondoa leso moja moja, akamrundikia Mutahi mikononi. Akavuta kiti cha plastiki, akaketi karibu na bintiye, akatanua magoti chini ya gauni lake jeusi kama anavyokaa akipukuchua mahindi, akawakazia macho waumini.

"Haya," alisema. "Mpigie baba yako selo."

Nota ya kwanza ilitoka chini kabisa, nzito. Mutahi alisimama pale pale, leso zimemjaa kifuani, asijue pa kuziweka.