Bomba la Mahadev

Siku pipa la dawa lilipofungwa juu ya tangi la maji la Bhirkuna, chai ya kijiji kizima ilinuka kama korido ya hospitali. Mtaa wa Chini, wanakokaa wahunzi na washona nguo, waliinywa hivyo hivyo, wakakunja nyuso na kuongeza tangawizi. Mtaa wa Juu, wanakokaa watu wa tabaka safi, waliitisha mkutano.

Aliyewasha moto ni Bi Tulasa, mama mzazi wa mwenyekiti wa kamati ya maji. Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa Saun, mvua zimeshika, na wanawake waliofunga wamepanga mstari hekaluni na mitungi yao ya shaba kumwogesha Mahadev. Bi Tulasa alimimina maji juu ya jiwe la mungu, akanusa, kisha akateremka kwenda kwake kwa mwendo ambao magoti yake yalikuwa yameusahau.

"Ghanashyam! Mnamwogesha Mahadev kwa maji ya kufulia?"

"Mama, ni klorini. Halmashauri wanasema inaua vijidudu."

"Mahadev alimeza sumu ya dunia nzima mpaka koo likawa la bluu! Leo umletee habari za vijidudu?"

Hakuna aliyethubutu kumuuliza Bi Tulasa ni vipi mungu aliyemeza sumu ya dunia nzima ashindwe na harufu ya klorini. Ghanashyam Rijal hakuwa mtu wa kubishana na mama yake, wala na mtu yeyote mwenye kura.

Kamati ilikaa siku hiyo hiyo. Dhansari, mke wa mhunzi, alikuwa mjumbe. Sheria inataka kamati iwe na mwanamke, na inataka iwe na mtu wa tabaka la chini. Dhansari alikuwa vyote viwili, kwa hiyo kamati ilikuwa imebana matumizi ya viti. Chake kilikuwa mlangoni, karibu na ndala za wajumbe. Iliamuliwa bomba la chemchemi litolewe tawi kabla halijaingia kwenye tangi, ili Mahadev apate maji ya chemchemi yasiyo na dawa. Mtaa wa Chini ulikuwa umeomba koki ya pili tangu mwana wa Dhansari hajaota meno. Mwana huyo sasa ana masharubu, yuko Qatar anawajengea watu barabara, na koki ya pili bado inashughulikiwa. Bomba la Mahadev lilishughulikiwa kabla chai ya mkutano haijapoa.

Likafika hekaluni. Kisha likafika kwa Pandit Homnath, kwa kuwa mtumishi wa mungu naye anamwabudu mungu nyumbani. Kisha kwa mwenyekiti, ambaye ana kichumba cha ibada. Na nani Mtaa wa Juu hana kichumba cha ibada? Wasiokuwa nacho walikijenga wiki hiyo. Haukupita muda kila nyumba ya juu ikawa inakunywa maji safi ya Mahadev, na tangi lenye harufu likaachiwa Mtaa wa Chini peke yao.

"Wametuachia makapi," alisema Hasta, mshona nguo, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. "Shemeji Dhansari, wewe si ndiye mjumbe? Ulikuwa unafanya nini kule?"

"Nilikuwa nalinda ndala."

Lakini hakulalamika. Saun ya mwaka uliopita mjukuu wake wa kwanza alianza kuhara asubuhi, na yeye na mkwe wake walimbeba kushuka naye kwenye utelezi kuelekea zahanati. Waliporudi walikuwa wamembeba vile vile, ila hakuwa na uzito. Mtaa wa Chini kila masika ulizika. Sasa alikuwapo mdogo wake, Suyog, anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni, na Dhansari alikuwa na jambo moja tu duniani: mtoto huyu aione Saun ikiisha. Saun ilikuwa katikati, maji yananuka, na hakuna tumbo hata moja Mtaa wa Chini lililokuwa limeharibika. Kwa ajili ya hilo angekunywa hata maji yanayonuka soksi.

Ndipo mvua kubwa ikaja. Mlima ukamomonyoka juu ya chemchemi, malisho ya nyati wa kufugwa yakaserereka na samadi yake yote mpaka kwenye maji, na barabara ya kwenda halmashauri ikakatika. Maji ya Mahadev yalitoka na rangi ya chai ya maziwa. Mtaa wa Juu waliyachuja kwa kitambaa, wakayanyunyizia majani matakatifu, wakanywa.

Mwanamume wa tabaka safi akienda haja, huutundika sikioni ule uzi mtakatifu anaouvaa begani, usije ukanajisika. Juma hilo uzi wa mwenyekiti haukushuka sikioni. Alihutubia nao, alikula nao, alilala nao. Pandit aliacha ibada katikati akakimbilia nyuma ya hekalu, kengele ikiwa bado mkononi inalia kila hatua, watu wakajua amefika wapi.

Waliobaki na nguvu za miguu waliteremka Mtaa wa Chini kumtafuta mkosaji.

"Kuna mtu wenu amegusa chemchemi," alisema mwenyekiti, kijivu usoni. "Mimi siamini mambo hayo, mnanijua, yalikwisha zamani. Lakini wazee wanauliza."

"Mwenyekiti, sisi tungefikaje kwenye chemchemi?" alisema Dhansari. "Njia inapita uani kwako, na mbwa wako anajua tabaka kuliko pandit."

"Mbona ninyi hamuumwi?"

"Tunakunywa maji ya kufulia. Tumbo letu limetakata."

Hasta alicheka mpaka akashika ukuta. Mwenyekiti hakucheka. Alitazama lile tangi kilimani, na Dhansari aliona wazo likimwingia kama mwizi anavyoingia dirishani, mguu mmoja kwanza.

Kamati ilikaa tena. Dawa iliyobaki ilikuwa pipa moja, na barabara ingefunguliwa Mungu ajuapo. Pipa halitoshi mitaa yote, alisema mwenyekiti. Kwa hiyo Mtaa wa Juu, ambao ni wagonjwa, warudi kwenye tangi. Na Mtaa wa Chini?

"Mtaa wa Chini," alisema, sauti ikilowa upendo, "tuwape bomba la Mahadev."

"Lenye samadi?" aliuliza Dhansari kutoka mlangoni.

"Lenye baraka. Dhansari, ninyi si ndio mliokuwa mkilia kila mwaka kwamba hamruhusiwi maji ya hekalu? Sasa tunawapa yote, bado mnanuna?"

"Nina mtoto mchanga nyumbani, mwenyekiti."

"Sote tuna watoto. Wanaoafiki?"

Mikono ilinyanyuka. Mmoja tu haukunyanyuka, na huo ulikuwa karibu na ndala.

Ikapangwa sherehe, kwa sababu Ghanashyam Rijal hakuwahi kumnyima mtu kitu bila sherehe. Siku hiyo walitandika kitambaa mezani kando ya tangi, wakaleta mashada ya maua na sahani ya unga mwekundu wa kupaka nyusoni. Walimwita na bibi afya wa halmashauri, Mandira, aliyepanda kwa miguu akiwa na tope mpaka magotini, apige picha za kupeleka kwa wakubwa wake.

"Leo tunaandika historia," alisema mwenyekiti. "Kwa vizazi, ndugu zetu wa Mtaa wa Chini hawakupata maji ya Mahadev. Leo tunawakabidhi bomba lote! Sisi tutajinyima. Tutavumilia haya yenye harufu."

Makofi ya Mtaa wa Juu. Mtaa wa Chini waliangalia miguu yao.

"Hayo ya hekaluni yana dawa?" aliuliza Mandira.

"Tutayaangalia."

"Mwenyekiti, yale si ya kunywa. Mjukuu wako mwenyewe anahara..."

"Kamati imeshapitisha, bibi afya."

"Kamati ndiyo yenye mamlaka," alisema Mandira polepole. "Mimi kazi yangu kushauri." Huko halmashauri wanalipwa kwa kushauri, na ushauri haujawahi kumzuia mtu kufa.

"Mjumbe wetu atoe neno la shukrani," alisema mwenyekiti. "Fupi."

Dhansari alisimama, Suyog mgongoni. Alikuwa ametunza hasira tangu ana kimo cha mtungi, siku alipojikwaa hapa hapa, enzi za mfereji wa mawe, mkono wake ukagusa mtungi wa Bi Tulasa. Mtungi ulisuguliwa kwa majivu, ukapitishwa motoni, ukarudi kuwa mtungi. Yeye alichapwa kwa majani yanayowasha, na baba yake akapiga magoti uani kwa akina Rijal akiomba radhi kwa ajili ya vidole vya mtoto. Wale walisahau jioni ile ile. Yeye alikuwa anakumbuka mpaka rangi ya kitambaa alichovaa baba yake kichwani.

Alikwenda kwenye beseni aliloletewa bibi afya la kuoshea tope, akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena. Kisha akauchukua mtungi wake akapanda ngazi za tangi. Akafunua mfuniko. Akauzamisha mtungi ndani, taratibu, kama anayechota kwake, akautoa unachuruzika. Alikunywa mbele ya watu wote. Akampa mtoto kidogo kwa kiganja.

Mvua ikasikika, ingali ng'ambo ya bonde.

"Ameligusa!" Bi Tulasa alipiga ukelele. "Ghanashyam, amegusa tangi! Limenajisika lote!"

Mandira aligeuka. Simu yake ilikuwa imenyanyuliwa, na sasa haikuwa inapiga picha za maua. Sheria dhidi ya kumwita mtu najisi ilikuwa na kifungo ndani yake, na kila aliyekuwapo aliijua.

"Amegusa nini, bibi?"

Bi Tulasa alimtazama mwanawe.

"Mama anasema," alisema mwenyekiti, "amegusa mioyo yetu."

"Basi karibuni," alisema Dhansari. Aliteremka, akajaza kikombe cha mezani kwa maji ya mtungi wake, akakishika mbele ya pua ya Ghanashyam Rijal. "Wewe kwanza, mwenyekiti. Umesema utajinyima kwa ajili yetu. Jinyime."

Mbele yake ilikuwa simu. Nyuma yake ulikuwa Mtaa wa Juu mzima, pandit akiwa mstari wa kwanza, wanasubiri kuona kama mwenyekiti wao atakunywa kutoka mkono wa mhunzi. Na katikati lilikuwa tumbo lake, lililotoa sauti ndefu ya kusikitisha.

"Leo nimefunga," alisema.

"Leo Jumanne, mwenyekiti," alisema Hasta. "Mahadev hana habari."

Mtaa wa Chini waliangua kicheko. Mwenyekiti alipangusa uso, unga mwekundu ukamwenea mpaka shingoni.

"Kwa kuwa ndugu zetu wameonyesha mapenzi makubwa kwa tangi hili," alisema, akitafuta maneno kama mtu anayepapasa viatu gizani, "kamati... kamati inawaachia. Sisi tutabaki na Mahadev."

"Hayo maji chemsheni!" Mandira aliwapigia kelele wakipanda. "Yachemke kabisa, msichuje tu!"

Walichemsha mpaka kuni kavu zilipokwisha. Kisha wakamtegemea mungu, naye aliwatazama tu, shingo yake ya bluu.

Asubuhi moja, wanawake wakiwa kwenye koki ya Mtaa wa Chini, alishuka Nirupa, mkwe wa mwenyekiti, mtoto mgongoni. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinaning'inia. Hakusogea kwenye foleni. Alisimama mbali, upande wa matope, akaunyoosha mtungi wake mbele kwa mikono miwili na kusubiri, vile vile hasa walivyokuwa wakisimama wanawake wa Mtaa wa Chini zamani, wakingoja mtu wa tabaka safi awamiminie kutoka juu ili mitungi isigusane. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amewaona tangu utotoni.

"Mama Dhansari," alisema. "Naomba unimiminie."

Mama! Mpaka juzi ilikuwa "wewe Dhansari". Dhansari alikuwa na majibu mengi, amekaa anayanoa miaka na miaka, na kila moja lilikuwa na makali pande zote. Alimtazama yule mtoto. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, namna anayoijua.

"Mpisheni," aliwaambia wenzake. Walimpisha wakinung'unika. Nirupa akaja, akaweka mtungi chini ya koki, akarudi nyuma, akangoja.

"Sikumiminii," alisema Dhansari. "Koki hiyo hapo. Tumeishika sote asubuhi hii, mmoja mmoja. Fungua mwenyewe."

Nirupa aliinua macho kilimani, kwenye paa la baba mkwe wake. Barazani alionekana mtu amesimama. Mtoto alitoa sauti ndogo mgongoni, kama ya paka.

Alinyoosha mkono. Koki ilikuwa imekaza. Ilibidi aishike kwa mikono yote miwili.